Sinema ya Mtu wa Kazi

Wako wadhanio ya kuwa sinema haina maana isipokuwa na vita na majumba makubwa. Natuitazame "Killer of Sheep" ya Charles Burnett, aliyoitengeneza alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Los Angeles, Marekani, kwa fedha isiyofika dola 10,000. Ilionyeshwa mwaka 1978.

Yatuonyesha Stan, mfanya kazi wa machinjioni katika mtaa wa Watts. Amechoka, wala usingizi haupati. Watu waovu wamtaka awasaidie kuua mtu, akataa. Yeye na rafiki yake wanunua injini ya motokaa, waibeba kwa taabu, waiweka ukingoni mwa gari. Gari laondoka, injini yaanguka na kuharibika. Fedha imekwenda bure.

Twajifunza nini? Stan asema yeye si maskini, kwa kuwa yeye huwapa wengine vitu. Heshima hiyo haionekani upesi. Yatupasa kutazama polepole, kama Burnett alivyotazama.

Mwaka 1990 sinema hii iliwekwa katika hazina ya taifa la Marekani. Lakini kwa sababu ya malipo ya nyimbo zilizomo, haikuenezwa katika majumba ya sinema mpaka mwaka 2007.