Ubalozi Hauna Funguo za Gereza

Barua zenu kuhusu kazi ya ubalozi Sudan Kusini zimetoka Juba kwenyewe, nyingine kwa jamaa walioko Kisumu, Mbale na Arusha. Nimechagua zinazonikera na zinazoninyima usingizi. Atakayeuliza namna ya kujaza fomu ya pasipoti aende dirishani, ataonyeshwa.

Ndugu yetu amekamatwa Juba. Mbona balozi hajamtoa?

Wengi mmeuliza hivi kwa maneno tofauti, nawajibu pamoja. Balozi hamtoi mtu mahabusu. Hana mamlaka hayo Juba, wala mwenzake hana popote duniani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu huduma za kikonseli, katika ibara ya 55, unamtaka aheshimu sheria za nchi iliyompokea na asiingilie mambo yake ya ndani. Akienda kituoni kumwamrisha kamanda afungue mlango, amekiuka wajibu huo.

Haki iliyopo iko kwenye ibara ya 36. Mgeni akikamatwa, polisi wamwambie bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Akiomba, waujulishe. Hapo afisa wa konseli, yaani wa ubalozi anayehudumia raia, anaruhusiwa kumtembelea, kuzungumza naye na kumsaidia apate wakili, ambaye kwa kawaida hulipwa na familia. Afisa ataangalia kama mtu amepigwa, kama anapata dawa zake, kama ana mkalimani. Hilo la mkalimani msilidharau: kituoni mengi husemwa kwa Kiarabu cha Juba, na mtu hutia sahihi asichokielewa.

Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliamua kwamba Marekani haikuwaarifu Wameksiko 51 kuhusu haki hiyo ya ibara ya 36. Meksiko ilishinda, lakini mahakama haikuamuru watu hao waachiliwe. Iliamuru kesi zao zipitiwe upya. Ikiwa nchi iliyoshinda The Hague haikupewa ufunguo wa gereza, afisa mmoja wa ubalozi Juba ataupata wapi? Juni 2016, katika kesi ya wizi wa fedha za ofisi ya rais, mahakama ya Juba iliwafunga maisha washtakiwa kadhaa, wakiwemo Wakenya wanne. Kenya ilikuwa na ubalozi mji huohuo.

Basi ubalozi una faida gani? Mfungwa anayeulizwa hali yake na serikali yake si rahisi apotee kimya kimya. Ila wanaouliza lazima kwanza wajue yuko ndani, na wajue mapema. Nyie mnamhangaikia dalali wiki nzima, halafu mnaniandikia mimi kwamba ubalozi umelala.

Kuna mtu soko la Konyo Konyo ana "mtu wake" ubalozini. Anataka dola ili kaka atoke. Tumpe?

Msimpe hata senti. Dhamana halali ina risiti.

Mapigano yakianza, serikali yetu itatuma ndege?

Labda. Na ikituma, itakujuaje? Julai 2016 risasi zilipolia Juba, Kenya Airways ilisimamisha safari zake tarehe 10. Uganda ilileta msafara wa jeshi kwa barabara ya Nimule, mwendo wa kilomita kama 190, ikawatoa watu kwa maelfu. Msafara wa namna ile hauingii mitaa ya Gudele na Munuki kugonga mlango mmoja mmoja. Unasimama mahali palipotangazwa, na tangazo huwafikia walioandikisha ubalozini majina na namba zao za simu. Wafanyabiashara wengi wanakwepa kujiandikisha kwa sababu ya uvumi kwamba ubalozi utawapeleka kwa watoza kodi. Uvumi huo utamuua mtu siku moja, nami nimechoka kuukanusha.

Msidhani pia kwamba ubalozi hubaki mpaka mwisho. Machi 2025 Ujerumani ilifunga wake Juba kwa muda, na nchi nyingine zikapunguza maafisa. Ukiambiwa uondoke wakati mabasi bado yanakwenda Elegu mpakani, ondoka kwa basi.

Mume wangu alikufa Juba akijenga ghorofa. Ubalozi unasema hauna fedha za kumsafirisha. Ni haki?

Pole sana, mama. Wamekwambia ukweli, ingawa unauma. Kwa kawaida gharama hubebwa na familia, mwajiri au bima. Kazi ya ubalozi ni barua na vibali: cheti cha kifo, ripoti ya polisi kama ni ajali, karatasi za kuhifadhi mwili na za kuuvusha mpakani. Kazi hizo hazihitaji hongo, na ukiombwa yoyote andika jina la aliyeiomba.

Hasira yangu ni kwa waajiri. Wanakusanya mafundi Eldoret na Gulu kwa ahadi ya mdomo, bila mkataba wala bima, na fundi akianguka jengoni wanazima simu. Mama, uambie ubalozi jina la kampuni na mahali lilipo jengo, ili mwajiri aandikiwe rasmi. Nanyi mnaojiandaa kupanda basi wiki hii, mkataba useme kwa maandishi nani atawatibu na nani atawarudisha, mkiwa wazima au maiti.

Nina pasipoti ya Kenya na ya Sudan Kusini. Nikipata kesi Juba, nionyeshe ipi?

Juba itakuhesabu raia wake, na ubalozi wa Kenya utakuwa na nafasi ndogo mno ya kukusaidia.

Walinikamata nikipiga picha darajani. Nilikosa nini?

Kibali. Daraja la Nile, uwanja wa ndege, askari na majengo ya serikali usivielekezee simu kabisa.

Naruhusiwa kupiga namba ya dharura usiku wa manane?

Ndiyo, kama mtu amekamatwa, ameumia, amepotea au amefariki. Mzigo uliokwama forodhani usubiri asubuhi.