SOMO LA ROBO HII: Kompyuta Ikigoma Kuwaka Baada ya Kusasishwa, Tuokoe Kwanza Kumbukumbu



Somo letu la robo hii linahusu jambo linaloonekana kuwa la mafundi tu, lakini limewahi kuiweka kamati moja mahali pagumu mbele ya waumini wake. Ni tatizo la kompyuta inayokataa kuwaka baada ya sasisho la programu, yaani yale marekebisho yanayoingia kupitia intaneti ambayo wengi wetu huyaita apdeti. Tunaomba somo hili lisomwe kwa pamoja katika kikao cha kamati, na mwenye kompyuta nyumbani kwake asikose.

Lengo la somo

Baada ya somo hili kamati iweze:
(a) kutofautisha kompyuta iliyogoma na kumbukumbu zilizopotea;
(b) kufuata hatua za kuokoa mafaili kabla ya kuitengeneza kompyuta;
(c) kuweka utaratibu wa nakala za akiba.

Kisa cha Shelui

Shelui ni mji mdogo wa wilaya ya Iramba, chini ya mteremko wa Sekenke, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Igunga na Nzega. Kamati moja tunayofanya nayo kazi huko haina ofisi yenye umeme. Kwa sababu hiyo kompyuta ya mezani ya kamati hukaa nyumbani kwa mama mhazini. Ndani yake kulikuwa na orodha ya kaya zilizochangia kisima na pampu ya mkono: jina la kaya, kiasi na tarehe. Wengi walichanga kidogo kidogo, shilingi elfu moja leo, elfu mbili baada ya mavuno. Wengine walileta debe la mahindi au alizeti.

Jioni moja, wiki moja kabla ya mkutano wa kusoma mapato na matumizi, kompyuta ilianza kujisasisha. Maandishi yalionya isizimwe. Sasisho likiwa katikati, uniti za LUKU zikaisha na nyumba ikawa giza. Asubuhi uniti zilinunuliwa na kompyuta ikawashwa. Alama ya mtengenezaji ilitokea, vidoti vikazunguka, ikajizima na kuanza upya. Ikawa hivyo hadi mchana.

Mama mhazini alimwita fundi. Fundi akaitazama na kusema, "Mama, hii dawa yake ni kupiga windows tu. Saa mbili inakuwa kama mpya." Mama alikuwa ameshakubali. Ndipo mwalimu mmoja, mjumbe wa kamati, akauliza, "Fundi, na majina ya watu waliochanga yatabaki?" Fundi alijibu kwa uaminifu kwamba yatafutika yasipotolewa kwanza. Kazi ikasimamishwa hapo hapo, nasi tukapigiwa simu.

Vishina vya stakabadhi vilikuwepo, lakini vya miezi ya mwanzo tu. Kama orodha ile ingefutika, kamati ingesimama mbele ya waumini mikono mitupu, na mama mjane aliyeleta debe lake la mahindi asingekuwa na pa kuonyesha kwamba naye alichanga. Sote tunajua maneno ambayo yangefuata kijijini. Kisima kingebaki, lakini uaminifu wa kamati usingebaki.

Jambo la msingi la kukumbuka

Kompyuta kutowaka si sawa na kumbukumbu kupotea. Ni kama ghala ambalo kufuli lake limegoma: nafaka bado imo ndani. Sasisho lililokatika huharibu mafaili ya mfumo, yaani yale yanayoiwasha kompyuta. Barua, hesabu na picha zenu kwa kawaida hukaa mahali pengine kwenye diski hiyo hiyo, nazo huwa salama. Kinachozifuta mara nyingi ni tiba ya haraka, yaani kupiga windows kwa kuifuta diski bila kutoa mafaili.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulionekana duniani kote tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilituma sasisho lenye kosa, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows zikagoma kuwaka. Ndege hazikuruka, na hospitali na benki katika nchi mbalimbali zilikwama. Kampuni iliondoa sasisho lile baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kulipokea zilibaki zimegoma, na nyingi zililazimika kuendewa moja moja. Tiba yake ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali salama na kufuta faili moja tu lenye kosa. Hakukuwa na haja ya kufuta diski nzima.

Kwa nini sasisho huangusha kompyuta

Sababu tunazokutana nazo ni nne. Ya kwanza ni umeme kukatika, au mtu kuchoka kusubiri na kuchomoa waya. Ya pili ni diski kujaa hadi sasisho likakosa nafasi. Ya tatu ni sasisho lenyewe kuwa na kosa, kama lile la mwaka 2024.

Ya nne ni ugonjwa uliokuwemo kabla. Mwezi Februari 2010 kompyuta nyingi za Windows XP ziligoma baada ya sasisho la Microsoft, na lawama zote zikaelekezwa kwenye sasisho. Uchunguzi ulionyesha kwamba kompyuta hizo zilikuwa na kirusi kiitwacho Alureon kilichojificha ndani ya mfumo. Sasisho lilipogusa mfumo, kirusi kikaiangusha kompyuta. Kwa kamati zetu ambazo flashi moja huzunguka kutoka stesheneri hadi kigango, hili ni la kuzingatia.

Hatua za kufuata

Hatua ya 1: Subiri. Kama maandishi ya sasisho bado yapo, iache. Kompyuta ya zamani inaweza kuchukua saa mbili au tatu. Tazama taa ndogo ya diski: ikiwa inamwekamweka, kazi inaendelea. Ikiwa saa nyingi zimepita, asilimia haisogei na taa imetulia kabisa, ndipo ubane swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 hadi izime.

Hatua ya 2: Punguza mizigo. Chomoa flashi, printa, modemu na kila kilichochomekwa, ubaki na kibodi, kipanya na skrini. Flashi iliyosahauliwa peke yake inaweza kuzuia kompyuta kuwaka. Chomoa waya wa umeme, bana swichi kwa sekunde 30, kisha chomeka na ujaribu tena.

Hatua ya 3: Tambua tatizo liko wapi. Kama hakuna taa wala feni haizunguki, tatizo ni umeme, waya au pawasaplai, na sasisho halihusiki. Kama feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi tangu mwanzo, angalia waya wa skrini na kadi za kumbukumbu. Kama alama ya mtengenezaji inaonekana kisha inakwama au inajirudia, mfumo ndio wenye tatizo. Endelea na hatua ya 4.

Hatua ya 4: Okoa mafaili. Zipo njia mbili. Njia ya kwanza ni kumwomba fundi aitoe diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa kava ya USB, kisha mnakili mafaili yenu. Njia ya pili ni kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, ambao hupatikana bure. Flashi hiyo, ya GB 8 au zaidi, hutayarishwa kwenye kompyuta nzima. Matayarisho hufuta kila kilichomo, kwa hiyo tumieni flashi tupu.

Wakati wa kuwasha, bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, ambacho kwa kompyuta nyingi ni F12, F9 au Esc, kisha chagua flashi. Ukiulizwa "Try" au "Install", chagua "Try". Ukichagua "Install" na kuendelea, unaweza kufuta diski mliyokuja kuiokoa. Mfumo ukifunguka, ingia kwenye diski ya kompyuta, fungua folda ya "Users", kisha jina la mtumiaji, na unakili "Documents", "Desktop" na "Downloads" kwenye flashi ya pili. Usiishie hapo. Peleka flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine, fungua orodha yenu, na uhakikishe inasomeka.

Angalizo: baadhi ya kompyuta za miaka ya karibuni hufunga diski kwa ufunguo wa siri wenye tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeianzisha kompyuta. Usipopatikana, mafaili hayasomeki kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Kamati iuandike ufunguo huo kwenye karatasi leo, kompyuta ikiwa nzima, na kuuweka pamoja na nyaraka muhimu.

Hatua ya 5: Sasa tengeneza. Kwa Windows 10 na 11, washa kompyuta. Alama inapotokea, bana swichi hadi izime. Rudia mara ya pili. Mara ya tatu iache, nayo kwa kawaida italeta menyu ya matengenezo. Ingia "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Anza na "Startup Repair". Ikishindikana, chagua "Uninstall Updates" ili kuondoa sasisho la mwisho. Ikishindikana tena, jaribu "System Restore", ambayo huirudisha kompyuta katika hali ya siku za nyuma kama hali hiyo ilihifadhiwa.

Hatua ya 6: Kupiga windows kuwe kwa mwisho. Kukiwa hakuna njia nyingine na mafaili yamekwisha kuokolewa, fundi aendelee. Mwambieni mbele ya shahidi ni mafaili gani lazima yabaki. Kama mna uwezo, nunueni diski nyingine na ile ya zamani iwekwe kabatini.

Ilivyokuwa Shelui

Kamati ile ilitumia njia ya flashi ya Linux, tukiwaelekeza kwa simu. Fundi yule yule ndiye aliyeifanya kazi, kwa moyo mwema, na alikiri kwamba wateja wake wengi hawamwambii kilichomo ndani ya kompyuta zao. Orodha ya kisima ilipatikana nzima. "Startup Repair" haikufaa, lakini "Uninstall Updates" ilifaa, na kompyuta ikawaka bila kufutwa chochote. Mkutano ulifanyika siku yake na majina yalisomwa yote.

Tusikatae masasisho

Baada ya kisa hicho mama mhazini alitaka masasisho yafungwe moja kwa moja. Tulimshauri asifanye hivyo. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kilipitia tundu hilo na kuingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikifunga mafaili na kudai fedha. Waliokuwa wamesasisha walikuwa wameliziba tundu hilo. Hivyo basi tusasishe, ila kwa mpango:

1. Sasisha asubuhi, uniti za LUKU zikiwa za kutosha. Kompyuta ya mezani iwe na UPS. Ya mapajani betri yake iwe imejaa.
2. Ahirisha sasisho katika wiki ya ripoti au ya mkutano wa hesabu.
3. Nakili mafaili kabla ya kila sasisho kubwa.
4. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi au diski ya nje, na ya tatu nje ya nyumba ile, kwa mfano kwa Baba Paroko. Moto au mwizi akiingia nyumba moja, asimalize zote.
5. Kila mwisho wa mwezi chapisha orodha ya michango, isainiwe na mwenyekiti na mhazini, na iwekwe kwenye faili la karatasi.

Katika Injili ya Matayo sura ya 25 tunasoma habari za wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, na wote walisinzia. Kilichowatenganisha ni mafuta ya akiba, ambayo watano waliyabeba mapema, kabla ya kuyahitaji. Nakala ya akiba ndiyo mafuta hayo.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru mnaotuletea kompyuta. Tunaomba mzingatie mambo mawili. Kwanza, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kabla ya kutuma kompyuta iliyotumika, tafadhali hakikisheni itaendelea kupata masasisho, au iwekewe mfumo wa Linux. Pili, kompyuta iambatane na diski ya nje, na ya mezani iambatane na UPS. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyolinda ripoti mnazozisubiri kutoka kwetu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kompyuta yetu ikigoma usiku wa leo, ni kumbukumbu zipi ambazo hatuna mahali pengine?
2. Nakala yetu ya mwisho ilifanyika lini, na nani aliifungua kuhakiki kwamba inasomeka?
3. Nani, zaidi ya mhazini, anajua nywila na ufunguo wa diski? Umeandikwa wapi?
4. Fundi wetu ni nani, na je, tumekwisha kumwambia kwamba asifute diski bila idhini ya kamati?

Tunapendekeza kikao kisifungwe kabla ya nakala ya kwanza kufanyika. Chukueni flashi, nakilini orodha ya michango yenu, na mkabidhiane kwa kusainiana. Ni kazi ya dakika kumi. Mungu awabariki katika utumishi wenu.