Hedhi Inapovurugika Umri wa Makamo: Kijitabu cha Afya kwa Wanawake wa Garissa, Wajir na Mandera

Hedhi hukoma polepole

Hedhi haikatiki kwa siku moja. Kwa wanawake wengi huanza kuyumba baada ya kupita umri wa miaka 40, ikaendelea kuyumba kwa miaka minne hivi, na kwa wengine hadi minane, ndipo ikome kabisa. Muda huo huitwa kipindi cha mpito. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma mwanamke akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, ilhali si mjamzito, hanyonyeshi, wala hatumii dawa inayozuia damu. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Inayokoma kabla ya miaka 40 imewahi mno, na mwanamke huyo anapaswa kupimwa, kwa kuwa mifupa na moyo wake hupoteza mapema kinga inayotokana na homoni.

Mpito wenyewe si ugonjwa. Lakini si kila damu inayovurugika katika umri huu imeletwa na umri. Kaskazini Mashariki mwa Kenya kuna maradhi na hali kadhaa zinazofanana na mpito kiasi cha kumpotosha mwanamke mwenyewe, jamaa zake na hata mhudumu wa afya. Kutenganisha lililo la kawaida na linalohitaji matibabu ndiyo kazi kubwa ya miaka hii.

Kinachotokea mwilini

Msichana huzaliwa na mayai kati ya milioni moja na milioni mbili. Akibaleghe hubaki 300,000 hadi 400,000 hivi, na mwili hautengenezi mengine. Kila mwezi kundi dogo huanza kukua, moja likapevuka na yaliyosalia yakafa. Maisha yote, yanayopevuka na kutoka ni mia nne au mia tano tu, na kwa mama aliyebeba mimba na kunyonyesha mara nyingi huwa machache zaidi.

Vifuko vinavyolea mayai hutengeneza homoni ya estrojeni, ambayo hujenga utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Yai likishatoka, homoni ya pili, projesteroni, huutuliza utando huo, na mimba isiposhika utando hubomoka kwa mpangilio. Hiyo ndiyo hedhi ya kawaida. Mayai yanapobaki machache, hupita miezi ambayo yai halitoki. Projesteroni haipatikani, estrojeni hupanda na kushuka ovyo, utando huzidi kunenepa, kisha hubomoka vipande vipande bila ratiba. Ndiyo sababu mwanamke mmoja anaweza kuona damu baada ya siku 24, kisha akakaa siku 50, kisha akapata damu nyingi yenye mabonge.

Dalili za mpito

Dalili ijulikanayo zaidi ni joto la ghafla. Huanza kifuani, hupanda shingoni na usoni, moyo hudunda, jasho hutoka, na pengine baridi hufuata. Kwa kawaida hudumu dakika moja hadi tano. Takriban wanawake watatu kati ya wanne hulipata kwa kiasi fulani. Likija usiku huvunja usingizi, na ukosefu wa usingizi huleta uchovu, hasira za haraka, huzuni na usahaulifu. Wengine huumwa na viungo, hupata ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa, au haja ndogo ya mara kwa mara.

Garissa mjini, ambako joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, mwanamke anaweza kudhani anasumbuliwa na hali ya hewa tu. Tofauti ni kwamba joto la mpito humjia peke yake, hata kivulini au alfajiri, huku waliokaa naye wakiwa hawahisi kitu.

Kuhesabu siku

Kumbukumbu ya siku humsaidia daktari kuliko kipimo chochote cha awali. Kwa mwanamke aliyepita miaka 45, kipimo cha damu cha homoni mara nyingi hakihitajiki, kwa sababu homoni hubadilika wiki hadi wiki. Umri, dalili na kumbukumbu za hedhi hutosha.

Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya kwanza ya mzunguko. Mzunguko wa kawaida ni siku 21 hadi 35. Wanawake wengi wa eneo hili huhesabu kwa mwezi wa Kiislamu wenye siku 29 au 30, na hesabu hiyo inafaa mradi tarehe ziandikwe kwenye daftari, kalenda ya ukutani au simu. Mizunguko inayofuatana ikitofautiana kwa siku saba au zaidi, na hali hiyo ikajirudia, huenda mpito umeanza. Zikipita siku 60 au zaidi bila damu, mara nyingi hedhi ya mwisho iko ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Pamoja na tarehe, inafaa kuandika damu ilitoka siku ngapi, padi au vitambaa vingapi vilibadilishwa, na kama kulikuwa na mabonge au maumivu.

Hali zinazofanana na mpito

*Mimba.* Maadamu yai hutoka mara mojamoja, mimba inawezekana. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Mandera huzaa wastani wa watoto 7.7, huku wastani wa Kenya ukiwa 3.4. Mahali ambapo uzazi huendelea hadi umri mkubwa, hedhi ikikosekana kwa mwanamke wa miaka 44 au 47, kipimo cha mkojo cha mimba ndicho cha kwanza. Asiyetaka mimba nyingine anashauriwa kuendelea na njia ya uzazi wa mpango hadi mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho ikiwa amepita miaka 50, na miaka miwili ikiwa hajafika.

*Dawa za uzazi wa mpango.* Sindano na vipandikizi huweza kuleta matone yasiyo na ratiba au kukata damu kabisa. Mhudumu aelezwe ni njia gani ilitumika na lini.

*Njaa.* Mwili ukikosa chakula kwa muda mrefu husimamisha hedhi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa na familia nyingi zikapungukiwa maziwa na nyama. Mwanamke aliyekonda sana akikosa hedhi, kinachotakiwa kwanza ni lishe na uchunguzi.

*Homa za maambukizi.* Malaria huleta joto na jasho, lakini kipimajoto huonyesha homa, nayo haiishi kwa dakika tano. Bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kupitia maziwa mabichi au kwa kushika mifugo iliyotupa mimba, huleta jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu wa wiki nyingi. Dalili hizo tatu ni zilezile zinazosingiziwa umri, na katika jamii ya wafugaji hazifai kupuuzwa kabla ya kupimwa. Kuchemsha maziwa huua vijidudu vyake. Kifua kikuu nacho huleta jasho la usiku. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kukonda bila sababu, ni alama ya kwenda kupimwa makohozi.

*Tezi ya shingo.* Ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto, moyo kwenda mbio na hedhi chache. Ikilegea huleta uchovu, kunenepa na hedhi nzito. Kipimo cha damu hubainisha.

Damu nyingi na upungufu wa damu

Damu ni nyingi kupita kiasi ikilowesha padi au kitambaa kila saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, ikitoka zaidi ya siku saba, au ikija na mabonge makubwa. Chanzo kinaweza kuwa yai kutotoka, au uvimbe wa kawaida wa mfuko wa uzazi uitwao faibroidi, ambao huwapata wanawake Waafrika kwa wingi.

Damu ikipotea mwezi baada ya mwezi, mwanamke hupungukiwa damu: huchoka, huona kizunguzungu, hukosa pumzi akibeba maji, na viganja na macho ndani hupauka. Vidonge vya madini ya chuma hutibu upungufu huo, nao hutumiwa kwa miezi kadhaa hata baada ya nguvu kurudi. Kinyesi kuwa cheusi wakati huo si jambo la kutisha. Maini, nyama ya ngamia, mbuzi au ng'ombe, na kunde huongeza damu, na ndimu kwenye chakula husaidia mwili kufyonza madini hayo. Chai huyazuia. Kwa kuwa shaah (chai) hunywewa pamoja na mlo katika nyumba nyingi, inafaa kusubiri angalau saa moja baada ya kula au kumeza kidonge. Mwezi wa Ramadhani kidonge humezwa usiku, baada ya futari.

Dalili zisizosubiri

Mwanamke aende kituo cha afya bila kuchelewa akiona lolote kati ya haya:

- damu yoyote, hata tone, baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi;
- damu baada ya tendo la ndoa;
- damu katikati ya hedhi mbili inayojirudia, au hedhi zinazokuja kabla ya siku 21 kutimia;
- uchafu wenye harufu mbaya au maumivu ya nyonga yasiyoisha;
- damu nyingi yenye kizunguzungu au kuzimia, ambayo ni dharura.

Damu inayorudi baada ya hedhi kukoma mara nyingi hutokana na wembamba wa ngozi ya uke, lakini inaweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika. Damu baada ya tendo la ndoa inaweza kuashiria saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi nchini Kenya. Uchunguzi wake hupendekezwa kwa wanawake wa miaka 25 hadi 49, kwa kipimo cha kirusi cha HPV au kwa kupaka siki maalumu. Kipimo cha siki hupoteza uhakika baada ya hedhi kukoma, kwa kuwa sehemu inayotazamwa hujificha ndani. Kwa hiyo kipindi cha mpito ni wakati wa kupimwa, wala si wa kungoja.

Sala, saumu na eda

Wanawake wengi wa eneo hili ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na damu isiyo na ratiba huwatia shaka katika ibada. Katika madhehebu hayo hedhi haizidi siku 15, na twahara (kipindi cha usafi) kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu iliyopita mipaka hiyo ni istihadha. Mwenye istihadha hujisafisha, huweka kizuizi, hutawadha kwa kila sala ya faradhi wakati wake ukiingia, huswali na kufunga. Mwanamke hapaswi kukaa wiki nyingi bila sala kwa kudhani angali katika hedhi, wala kudhani kwamba kwa kuwa anaswali damu ile haihitaji daktari.

Eda ya mtalaka, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, huhesabiwa kwa twahara tatu kwa anayepata hedhi, na kwa miezi mitatu kwa aliyekwisha kukoma, kama ilivyotajwa katika Surat At-Talaq. Eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi, haitegemei hedhi. Ugumu huwapata wale ambao damu yao hupotea kwa miezi kisha ikarudi. Hao huwasilisha suala lao kwa Kadhi, ambaye mahakama yake inatambuliwa na Katiba ya 2010, na daftari la tarehe pamoja na maelezo ya daktari hurahisisha uamuzi.

Waliokeketwa

Katika eneo hili wanawake zaidi ya tisa kati ya kumi wenye umri huu wamekeketwa, wengi kwa namna ya kushonwa. Estrojeni ikipungua, ngozi ya kovu hukauka na kuwa nyembamba. Maumivu, michubuko na maambukizi ya njia ya mkojo huongezeka, na kuchunguzwa ndani huwa kugumu. Mwanamke ana haki ya kumweleza mhudumu mapema, kuomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake, na kusimamisha uchunguzi akiumia. Mafuta laini ya ukeni na krimu ya estrojeni husaidia. Kovu linaloziba njia linaweza kufunguliwa hospitalini. Kushonwa tena hakufai kiafya na ni kosa chini ya Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011.

Matunzo na matibabu

Kwa joto la ghafla, kuvaa baati (gauni pana) ya pamba nyumbani, kulala penye upepo, na kupunguza chai kali, pilipili na miraa huleta nafuu, hasa kwa usingizi. Mifupa huhitaji madini ya kalsiamu yanayopatikana kwenye maziwa ya ngamia, ng'ombe au mbuzi yaliyochemshwa, mwendo wa kila siku, na jua kwenye ngozi. Anayejifunika mwili mzima anaweza kuota jua mikononi na miguuni ndani ya ua wake. Shinikizo la damu na sukari vipimwe kila mwaka, kwa sababu hatari ya maradhi ya moyo hupanda baada ya hedhi kukoma.

Damu nyingi hutibiwa kwa ibuprofeni, asidi ya traneksamiki, vidonge vya homoni au kitanzi chenye homoni. Joto kali linaloharibu maisha hutibiwa kwa tiba ya homoni, ambayo mwenye mfuko wa uzazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni. Tiba hiyo hawapewi waliopata saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, ugonjwa mkali wa ini, au damu isiyojulikana chanzo. Dawa za kienyeji, zikiwemo habasoda na manemane, hazijathibitishwa kurekebisha hedhi. Anayezitumia amwambie daktari.

Pa kupata huduma

Mhudumu wa afya ya jamii na zahanati ndiyo hatua ya kwanza: hapo hupimwa mimba, shinikizo, malaria na kiwango cha damu. Yanayohitaji picha ya mawimbi ya sauti, kuchukua kipande cha utando, au upasuaji hupelekwa hospitali za rufaa za kaunti zilizoko Garissa, Wajir na Mandera. Garissa mjini kipo pia kituo cha saratani cha kanda. Anayekwenda achukue daftari la tarehe, majina au pakiti za dawa anazotumia, na kadi ya sindano au kipandikizi. Mume na watoto wakubwa wakielewa kinachotokea, nauli hupatikana mapema na mgonjwa hafiki akiwa ameishiwa damu.