Dondoo Muhimu: Gari Likivuta Upande Mmoja

Kabla ya kulipia alaimenti mjini Migori au Homa Bay, jikagulie haya:

1. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kiwango kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usikisie kwa kupiga teke.
2. Jaribu gari mahali tambarare. Barabara huinama pembeni ili maji yateremke, hivyo kuelemea kushoto kidogo si kasoro.
3. Badilishana tairi za mbele, isipokuwa zenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihama, tairi ndiyo mbovu.
4. Likivuta ukikanyaga breki tu, shuku breki. Likivuta muda wote, simama baada ya kilomita chache, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: yenye joto kupita mwenzake huenda breki yake imekwama. Hiyo itengenezwe leo, si mwisho wa mwezi.
5. Ukishapita mashimo, fundi akague bushi, boljointi na tairodi kwanza. Alaimenti juu ya bushi iliyolegea ni pesa iliyotupwa.
6. Magunia ya omena au mahindi yasilalie upande mmoja.
7. Likivuta ghafla, shika usukani imara kwa mikono miwili, punguza mwendo taratibu, egesha.