Chumba Kimoja, Mizigo Mingi: Kupunguza Msongamano Nyumbani kwa Ajili ya Afya

Somo la leo halihusu ugonjwa mmoja. Linahusu nyumba iliyojaa vitu na wiki iliyojaa shughuli, na jinsi mambo hayo mawili yanavyogusa afya ya familia. Mimi ni muuguzi. Nilisomea kazi hii nyumbani Tanzania, kisha nikaendelea na masomo hapa Afrika Kusini.

Ushauri wa kupanga nyumba mara nyingi huandikwa kwa ajili ya watu wenye nyumba kubwa. Sisi wa Yeoville tunajua hali yetu. Fleti moja ina familia tatu au nne, kila moja na chumba chake. Mwingine amepanga sebule, mwingine baraza. Ndani ya chumba kimoja kuna kitanda, friji, jiko, bidhaa za kuuza Rockey Street, na ile mifuko mikubwa ya mirabamiraba ambayo kila mwaka tunasema ni ya kupeleka nyumbani. Kodi ya chumba unalipa hapa, lakini nusu ya chumba imekaliwa na vitu vya Kigoma, Mombasa au Bukavu. Wewe na watoto mnabaki na nusu nyingine.

Kwa hiyo kupunguza vitu si suala la urembo. Hebu tuangalie hatua kwa hatua.

1. NJIA YA KUTOKEA

Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, Marshalltown, kilomita chache kutoka Yeoville, liliungua usiku. Watu zaidi ya 70 walikufa, wakiwemo watoto na wahamiaji kutoka Malawi na Tanzania. Ndani nafasi ilikuwa imegawanywa kwa vizuizi vya mbao na maboksi, na kulikuwa na geti lililofungwa. Wengine waliruka kupitia madirishani. Tume ya Jaji Sisi Khampepe mwaka 2024 ililaumu Jiji la Johannesburg, ambalo ndilo mwenye jengo. Hatuwezi kujenga upya majengo tunayopanga, lakini njia kutoka kitandani hadi mlangoni iko mikononi mwetu.

Fanya jaribio hili leo usiku. Zima taa, kisha kila mmoja, hata mtoto wa miaka mitano, atembee kutoka kitandani hadi mlangoni. Kitu chochote atakachojikwaa nacho kiondoke hapo. Ufunguo wa geti la chuma utundikwe mahali pamoja panapojulikana na wote. Usilale nao mfukoni. Na korido ya fleti si stoo: zungumza na majirani mkubaliane.

2. DIRISHA

Kifua kikuu huenea kwa hewa, na chumba kisichopitisha hewa ndicho kinachokisaidia kuenea. Hewa safi inapunguza vijidudu vinavyoelea chumbani, na jua linaviua. Lakini dirisha lililozibwa na kabati halina tofauti na ukuta. Ukipunguza mifuko miwili tu, huenda kabati likapata pa kuhamia.

Fungua dirisha kila siku, hata wakati wa baridi ya Juni na Julai, angalau asubuhi na wakati wa kupika. Mwenye kikohozi kinachozidi wiki mbili, anayetoka jasho usiku au kupungua uzito, aende kliniki akapimwe. Kifua kikuu kinatibika. Kwa kawaida dawa ni za miezi sita.

3. MAFUTA YA TAA, MKAA NA SUMU

Mahali penye vitu vingi, sumu hukaa karibu na chakula. Usiweke mafuta ya taa wala dawa ya kufulia kwenye chupa ya soda, maana mtoto anajua chupa ya soda ni ya nini. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa sababu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali, au piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Jiko la mkaa, ambalo hapa wanaliita imbawula, lisiingizwe ndani kuwa la kuota moto, hata likionekana limebaki majivu tu. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu. Inaua watu wakiwa usingizini.

4. DAWA NA MAKARATASI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata afya ni mali. Tafuta vyombo viwili vyenye mifuniko. Cha kwanza ni cha dawa, kikae juu, mbali na watoto na mbali na joto la jiko. Kila mtu awe na mfuko wake wenye jina. Dawa za presha, kisukari au virusi vya UKIMWI zimezwe saa ile ile kila siku. Dawa inayotafutwa kila asubuhi chini ya nguo, iko siku haitaonekana. Insulini ikae kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha. Na kama friji ni ya watu wote, iandike jina. Vidonge vilivyobaki au kuisha muda virudishe kliniki au duka la dawa, usimpe jirani.

Chombo cha pili ni cha makaratasi: vibali, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, na kile kijitabu cha mtoto kiitwacho Road to Health. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka sita, wasio na bima binafsi, wana haki ya kutibiwa bure katika vituo vya serikali hata kama hawana vibali. Mahakama Kuu hapa Johannesburg ilithibitisha hivyo mwaka 2023. Lakini haki hiyo haiwezi kumwambia muuguzi mtoto alichanjwa lini. Kijitabu ndicho kinachosema.

5. WIKI ILIYOJAA

Mshika mbili moja humponyoka. Mchana kazi, jioni biashara, Ijumaa mkesha, Jumamosi kamati ya harusi, Jumapili mchezo wa pesa au likelemba. Katikati ya yote hayo kuna mtoto wa shule anayehitaji kulala saa 9 hadi 12, naye analala chumba hicho hicho chenye televisheni na wageni. Asubuhi mwalimu anasema hasikilizi darasani. Huenda ana usingizi tu.

Wekeni saa ya kuzima televisheni, tuseme saa mbili usiku. Baada ya hapo mgeni apokelewe jikoni, au aombwe aje kesho. Nanyi wazazi mnahitaji angalau saa 7. Kukosa usingizi muda mrefu huchangia kupanda kwa presha.

Msiba hauna ratiba, tutakwenda. Lakini kikao cha tano cha kamati ya harusi unaweza kutuma mchango na salamu, ukabaki na wanao.

6. MIZIGO YA NYUMBANI

Hili ndilo gumu, kwa sababu ndani ya mifuko ile kuna ahadi zetu kwa mama, wadogo zetu na wajomba. Sikwambii uvunje ahadi. Nakuomba kila mfuko uupe tarehe. Andika juu yake ni wa nani na utaondoka lini, na nani atausafirisha. Tarehe ikipita miezi mitatu bila msafiri, uza vilivyomo umtumie fedha mwenyewe, na umweleze ukweli: "Mama, tulikuwa tunalala na mizigo, watoto wanakosa hewa." Mzazi anayekupenda ataelewa. Na usinunue kingine mpaka cha kwanza kiondoke.

ANZIA WAPI?

Usijaribu kumaliza yote kwa siku moja, utachoka uache. Chukua nusu saa kila Jumapili. Wiki ya kwanza njia ya mlangoni, ya pili dirisha, ya tatu sumu na dawa, ya nne makaratasi, kisha ratiba na mizigo. Watoto washiriki, wajue kila kitu kinakaa wapi.

Kwa leo tuishie hapa, ndugu msomaji. Kama dirisha lako lipo nyuma ya kabati, anza kwa kumwita jirani akusaidie kulisogeza. Afya njema kwako na wote wa nyumbani.