Kupunguza Kelele za Feni za Kompyuta Mezani

Kelele za kompyuta iliyo mezani hutoka mahali pachache: feni ya prosesa, feni ya kasha, feni ya pawasaplai, feni ya kadi ya picha pale ilipo, na diski ya zamani inayozunguka. Kando yake huenda pakawa na UPS, swichi ya mtandao au kinasa picha cha kamera za ulinzi, navyo mara nyingi vina feni ndogo ndani. Feni hizo zimewekwa kwa sababu moja. Umeme wote unaotumiwa na prosesa hugeuka joto, na joto hilo lisipoondolewa, kompyuta hujipunguzia kasi, kisha hujizima. Kwa hiyo kuifunika kwa kitambaa, kuifungia kabatini au kuchomoa feni inayosumbua ni kuiua mashine polepole. Anayetaka utulivu huanza na joto.

Sauti na kasi

Sauti ya feni ina sehemu mbili: mvumo wa hewa inayosukumwa, na mlio unaotokana na jinsi mapanga yanavyoikata hewa hiyo. Feni ya milimita 120 yenye mapanga 7, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hutoa mlio mzito wa hezi 175. Feni ya milimita 40 yenye mapanga hayohayo 7 ikizunguka mara 6,000 hutoa mlio wa hezi 700, mwembamba na wa kukera. Ndiyo maana swichi ndogo iliyo pembeni ya meza huweza kusumbua kuliko kasha zima.

Kasi ndiyo yenye uzito kuliko yote. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, hewa inayopita hupungua nusu, lakini sauti hushuka kwa takriban desibeli 15, na kwa sikio la binadamu desibeli 10 tu zinatosha kuifanya sauti ionekane imepungua nusu. Kuongeza feni ya pili inayolingana na ya kwanza, kwa upande wake, huongeza desibeli 3 tu. Feni mbili kubwa za mwendo wa taratibu, basi, ni tulivu kuliko moja ndogo inayokimbia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 ulipendekeza kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kipindi. Shule yenye chumba cha kompyuta inapaswa kulifikiria hilo, kwa kuwa mashine 20 zinazolingana kwa pamoja hutoa sauti iliyo juu kwa desibeli 13 kuliko ya mashine moja.

Vumbi

Kompyuta iliyokuwa kimya iliponunuliwa, kisha ikaanza kuvuma, mara nyingi imejaa vumbi. Vumbi hushika kwenye mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa, likijipanga upande wa feni hadi likawa kama zulia. Hewa haipiti, joto hupanda, na feni huongeza mwendo bila faida. Pwani, unyevu na chumvi ya hewani hulifanya vumbi hilo ligande. Bara, vumbi jembamba la kiangazi huingia hata penye madirisha yaliyofungwa.

Kusafisha hufanyika nje ya chumba, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme. Blowa au kopo la hewa hutumika pamoja na brashi laini. Mapanga ya feni hushikiliwa kwa kidole yasizunguke, kwani upepo mkali huweza kuyazungusha kupita kiasi na kuharibu beringi. Kupuliza kwa mdomo hakufai, maana mate huingia ndani. Katika kompyuta mpakato, vumbi hukaa kati ya feni na mapezi yake, na kupuliza kutokea nje mara nyingi hulirudisha ndani tu; ni afadhali ifunguliwe na fundi.

Mashine iliyotumika miaka mingi, hasa iliyonunuliwa ikiwa mtumba, huweza kuwa safi na bado ikavuma. Hapo ni vyema kuangalia dawa ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na pande la alumini. Ikikauka hufutwa kwa spiriti, na tone dogo la dawa mpya huwekwa katikati.

Mahali na kazi

Hewa ya chumba ikipanda nyuzi 5, joto la prosesa nalo hupanda karibu kiasi hicho. Kompyuta haikai juani wala haibanwi ukutani. Nafasi ya sentimita 10 nyuma yake inatosha. Kompyuta mpakato haiwekwi juu ya godoro au mto, na kuiinua kidogo upande wa nyuma husaidia sana. Kasha likishushwa chini ya meza sauti hupungua, ila liinuliwe juu ya kibao, kwani vumbi la sakafuni ni jingi.

Kelele zinazoanza ghafla wakati hakuna kazi nzito hudai uchunguzi. Kwenye Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua orodha ya programu zinazoendeshwa. Kivinjari chenye kurasa nyingi ndicho mshukiwa wa kwanza. Programu hasidi ni wa pili.

Mazabodi nyingi huruhusu kasi ya feni kupangwa kupitia BIOS kulingana na joto. Kuchelewesha kidogo feni kupandisha mwendo huondoa ule mvumo wa kupanda na kushuka, ambao huudhi kuliko sauti isiyobadilika.

Mtetemo na feni iliyochoka

Kasha likigandamizwa kwa kiganja na sauti ikabadilika, tatizo ni mtetemo. Skrubu hukazwa, na vipande vya mpira, hata vya kandambili kuukuu, huwekwa chini ya kasha. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutetema kwa hezi 120, na meza tupu ya mbao huikuza sauti hiyo. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka.

Feni inayokwaruza, hasa asubuhi mashine inapowashwa, imechoka beringi. Tone la mafuta ya cherehani huituliza kwa muda tu. Feni mpya hununuliwa kwa kulinganisha upana, unene, volti na idadi ya nyaya, na hufungwa ikielekeza hewa upande uleule wa ile ya zamani.

Pawasaplai na UPS hazifunguliwi nyumbani. Kapasita za pawasaplai huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na UPS ina betri yake ndani. Feni ya UPS inayozunguka muda wote huenda ikaashiria mzigo mkubwa: printa ya leza, kwa mfano, haipaswi kuchomekwa humo. Ikiondolewa na feni isitulie, kazi ni ya fundi.