Somo la 27: Njia ya Kasongo na Mji Mkongwe wa Unguja

Karibu na Kasongo pana mahali paitwapo Tongoni. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu zamani, kisha wakapahama. Hapo ulikuwapo mji wa Hamed bin Muhammad, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Alikuwa mfanyabiashara wa Unguja. Katika miaka ya 1870 alikuja kukaa Kasongo, na watu wake wakaenea kando ya mto Lualaba.

Watu hao waliitwa Waungwana. Walilima mpunga, nao hulimwa Maniema hata leo. Walisema Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana. Lakini biashara yao kubwa ilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Vijiji vilichomwa moto, na watu walifungwa minyororo shingoni. Mwezi wa Julai 1871, huko Nyangwe, msafiri David Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja sokoni kuuza vyakula vyao.

Njia ya misafara ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika ziwa Tanganyika. Watu walivuka ziwa mpaka Ujiji. Kutoka hapo walikwenda kwa miguu mpaka Tabora, kisha Bagamoyo, pwani ya bahari. Mwisho walipanda jahazi kwenda Unguja. Safari hiyo ilichukua miezi mingi, na mizigo yote ilibebwa na watu. Wengi walikufa njiani. Wengine walibaki Ujiji, na wazao wao huitwa Wamanyema hata leo.

Mwisho wa njia hiyo ndefu ni Mji Mkongwe, yaani mtaa wa zamani wa jiji la Zanzibar. Vichochoro vyake ni vyembamba. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na milango mingi ni ya mbao zilizochongwa maua kwa ufundi mkubwa. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuandika mji huo kuwa urithi wa watu wote wa dunia. Wageni hutoka nchi nyingi kuutazama. Mtu wa Kasongo akifika huko, ataona mambo yanayomhusu yeye mwenyewe.

Kwanza, mahali paitwapo Shangani, ataona nyumba ya Tippu Tip. Mzee huyo alirudi Unguja akiwa tajiri, akaeleza habari za maisha yake katika kitabu cha Kiswahili, akafa mwaka 1905. Jina lake limebaki katika nyumba ile. Je, wale waliobeba pembe kutoka Maniema, majina yao yako wapi?

Mahali pa kuwakumbuka pako Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa. Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873, kwa kusukumwa na Waingereza. Mwaka ule ule Waanglikana walianza kujenga kanisa mahali pale pale. Ndani yake umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, kijiji alichofia Livingstone. Nje kuna shimo lililojengwa kwa mawe. Ndani ya shimo zimesimama sanamu za watu watano, wamefungwa mnyororo shingoni. Sanamu hizo zilichongwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs, mwanamke wa Uswidi. Anayezitazama hunyamaza. Majina ya watumwa hayakuandikwa, lakini nyuso hizo zinasema kwa ajili yao.

Karibu na bahari iko Ngome Kongwe. Waarabu wa Omani waliijenga walipokwisha kuwafukuza Wareno. Zamani ilikuwa nyumba ya vita. Siku hizi watu hukaa ndani yake kusikiliza muziki na kutazama sinema. Sikukuu ya sinema ilianza huko mwaka 1998, na sikukuu ya muziki iitwayo Sauti za Busara mwaka 2004. Mji huo una sifa tangu zamani kwa nyimbo za taarabu. Mwimbaji wake mashuhuri, Siti binti Saad, alitoka kijiji cha Fumba, akawa muuzaji wa vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, na sauti yake ikatiwa katika santuri. Hivyo muuza vyungu akajulikana pwani yote.

Mkristu Mkatoliki atafurahi kuona kanisa la Mtakatifu Yosefu, lenye minara miwili. Lilijengwa na wamisionari Wafaransa tangu mwaka 1893 hata 1898.

Lakini mawe nayo hufa yasipotunzwa. Beit al-Ajaib, jumba kubwa la Sultani lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, na watu wawili wakafa.

Tongoni hakuna jumba wala mnara. Kuna udongo, vigae na habari za wazee. Vitu hivi navyo ni urithi. Kigae kikitupwa, na mzee akifa bila kuulizwa, nani atawakumbuka watu wa Maniema waliopelekwa mbali? Kila mmoja wao aliumbwa kwa mfano wa Mungu, naye alikuwa na jina, mama na kijiji.

Maswali

1. Neno tongo maana yake nini?
2. Taja kwa taratibu miji ya njia ya misafara, tangu Kasongo hata Unguja.
3. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka gani? Leo pana nini mahali pake?
4. Ngome Kongwe ilikuwa na kazi gani zamani? Siku hizi ina kazi gani?
5. Kwa nini yafaa kutunza vitu vya zamani, hata vile vinavyotukumbusha mabaya?

Kazi ya nyumbani: Umwulize mzee mmoja wa kwenu habari aliyoisikia kwa wazazi wake juu ya njia ya misafara. Uiandike katika daftari kwa mistari kumi, na uandike pia jina la mzee huyo.